Mzima Huliwa na Mgeni

Mimi nikikasirika nashona vibaya, kwa hiyo wateja wangu wa Manyamanyama, pale Bunda, waligundua kabla ya ndugu zangu kwamba nyumbani kuna jambo. Masika yale nilimshonea mwalimu mmoja gauni, nikaweka mkono wa kulia upande wa kushoto. Alipoinua mkono kuandika ubaoni, gauni zima likapanda naye, na darasa likapata somo ambalo halikuwamo kwenye ratiba. Alinirudishia bila hata salamu. Nikamwambia, "Shoga, usinilaumu mimi. Walaumu kondoo."

Alidhani namtania. Sikuwa namtania hata kidogo.

Mama yangu anaishi Butiama, kwenye kijiji cha upande wa barabara ya Buhemba, yeye na kundi la kondoo aliloachiwa na marehemu baba. Udongo wa pale kwetu ni mweusi, wa kunata. Mvua ikianza, zizi linageuka uji, na kondoo wakishinda kwenye uji ule kwato zinaoza. Ni ugonjwa, tena wa kuambukiza: mmoja akiwa nao, wenzake wanaupata kwa kukanyaga alipokanyaga yeye. Harufu yake unakutana nayo njiani kabla hujafika nyumbani. Asubuhi kundi linatoka kwenda malishoni, yule anachechemea mguu wa mbele, huyu wa nyuma, mwingine anatembelea magoti, na Mama yuko nyuma yao na fimbo anasema, "Poleni wanangu, poleni, twendeni polepole."

Tiba yake ni kuwaosha kwato kwa maji ya mrututu, ile dawa ya bluu. Kondoo ana miguu minne. Najua unajua, lakini hujui vizuri mpaka umwoshe. Anayewaosha ni Mama, amepiga magoti kwenye tope, na magoti ya Mama yenyewe yamekwisha zamani. Vijana wa kumsaidia hawapo, wote wako Buhemba wanachimba dhahabu ambayo mpaka leo sijaiona shingoni mwa mtu yeyote kijijini. Basi ikawa kila Jumamosi ya masika mimi natoka Bunda, kaka yangu anatoka Musoma, tunakutana zizini kuosha kondoo na kugombana.

Kaka yangu ni mtu wa ofisi. Nyumba yake ya Musoma ina vigae mpaka bafuni, na gari lake analifuta vumbi kwa kitambaa cha peke yake. Jumamosi moja kondoo alimpiga teke la kidevu, akaanguka chali kwenye tope na suruali yake nyeupe. Nani anavaa suruali nyeupe kwenda kuosha kondoo? Alipoinuka akasema basi, imetosha. Kondoo wauzwe, Mama ahamie Musoma, akae na wajukuu, aangalie ziwa.

"Ziwa nimeliona," Mama akasema.

"Mama, angalia magoti yako."

"Nayaona. Kondoo wakiacha kuchechemea je?"

Kaka akacheka, tope linamdondoka masikioni. "Wakiacha kuchechemea? Haya. Masika ya mwakani nikija nikawakuta hawachechemei, kaa hapa hata miaka mia, sitasema neno. Nikiwakuta hivi hivi, unapanda gari tunaondoka."

"Umesema."

"Nimesema."

Mama akanigeukia. "Umesikia?"

Nilisikia. Na usiku wake sikulala, kwa sababu namjua wifi yangu. Ni mwanamke mzuri, sina neno naye, lakini kochi lake lina vitambaa vya kufuma, na ukikaa anakuangalia kama umekaa sawa. Mama akihamia kule, mimi nitakuwa nakwenda kumsalimia mama yangu mzazi huku nimevua viatu mlangoni. Sitaki! Nataka nikienda kwa Mama niende kwa Mama, nikute moshi, nitukanwe kwa kuchelewa, nilale kwenye kitanda kinachopiga kelele. Basi ndipo gauni la mwalimu likaota mkono upande usiotakiwa.

Aliyenipa akili alikuwa mteja. Ni dada mmoja afisa mifugo, alikuja kupima gauni la kicheni pati. Nikiwa nimepiga magoti namwekea pini kwenye pindo, nikamweleza mkasa wote, maana mimi nikipima mtu lazima niongee.

"Dada," akaniuliza, "katika kundi la mama yako, hayupo hata mmoja ambaye hachechemei?"

"Wapo wachache. Wana bahati."

"Masika yote? Na wanalala zizi moja na wagonjwa?"

"Ndiyo."

"Basi hiyo sio bahati. Hiyo iko kwenye damu yao." Akaanza kunifundisha huku mikono iko juu kama mtu aliyekamatwa. Kwamba kondoo hawafanani, wengine kwato zao zinaupokea ugonjwa upesi na wengine zinaukataa. Kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka, na mtoto wa kondoo asiyeugua kwato mara nyingi naye haugui. Sio wote, lakini wengi. Kwa hiyo dume la mbegu awe yule asiyechechemea kabisa, madume mengine yahasiwe. Wale sugu, wanaougua kila mwaka, waondolewe, kwa sababu ndio wanaotunza ugonjwa na kuwagawia wenzao. "Sio uchawi," akasema. "Vizazi viwili vitatu ndipo utaona hasa. Lakini ukiwaondoa na hao sugu, hata mwaka mmoja utaona nafuu."

Nilikuwa na pini mdomoni. Nusura nimeze moja kwa furaha.

Jumamosi iliyofuata niliondoka na kiroba cha vipande vya vitenge, yale masalio yanayobaki chini ya cherehani. Mpango wangu ulikuwa rahisi. Kila kondoo anayechechemea anafungwa kitambaa shingoni. Masika yakiisha, asiye na kitambaa ndiye mwenye mbegu. Nikamweleza Mama, nikamwachia kiroba, nikamwambia usikosee. Akasema, "Mimi nilizaa watoto na kuwalea, nitashindwa kufunga kitambaa?"

Niliporudi, kundi zima limevaa. Zima! Mpaka kitoto kilichozaliwa juzi, kina utepe wa njano. Walikuwa wanashuka kwenye miamba pale nyuma ya nyumba wamependeza kweli kweli, kwaya ya Pasaka ni hiyo hiyo.

"Mama! Wote wanachechemea?"

"Hapana. Wengine wazima."

"Sasa wazima umewavalisha nini?"

Mama akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyepungukiwa. "Wewe unaweza kumnunulia nguo mtoto mmoja, mwenzake anaangalia tu? Walikuwa wananitazama."

"Ni kondoo!"

"Nimeona ni kondoo. Wana macho."

Nilivua vitambaa vyote kwa mikono yangu, kondoo mmoja mmoja, nikiwa na hasira na tope mpaka kwenye nyusi. Kisha nikaketi na Mama tukaanza upya, safari hii kwa mdomo. Nikamwomba anitajie madume yote anayoyakumbuka ambayo hayakuwa yanachechemea. Mama ana kumbukumbu kali, hajaandika kitu maishani mwake na hajasahau kitu.

"Kulikuwaga na yule mwekundu," akasema. "Huyo hakuwahi kuugua mguu hata mara moja. Dume la nguvu."

"Yuko wapi?"

"Tulimchinja kwenye kipaimara chako."

"Na mwingine?"

"Yule mwenye baka kichwani. Mzima kabisa. Alikuja padri mgeni."

"Mwingine?"

"Yule mkubwa, mkia wake hivi. Aliliwa na wajomba zako walipokuja kuchukua fungu lao la ng'ombe wa mahari ya dada yako wa kwanza. Na mdogo wa dume hilo aliliwa walipokuja kudai chakula kingine."

"Mama, wale waliokuwa wanachechemea uliwachinjia nani?"

"Ebo! Mgeni unampa mgonjwa? Wewe mtoto umelelewa wapi? Wagonjwa walikuwaga wanabaki tu hapa, wanazaa."

Nilishika kichwa. Unaona tulichokuwa tunafanya? Tangu enzi za bibi, familia yetu imekuwa ikichagua mbegu kwa umakini mkubwa, kizazi baada ya kizazi, ila kinyumenyume. Kila mzima ameliwa na mgeni, kila kilema amebaki kuzaa. Kungekuwa na mashindano ya kuzalisha ugonjwa wa kwato, sisi tungepewa kombe, na aliyetuletea kombe tungemchinjia mzima. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu mwenyeji alipona, kondoo ndio hawakupona.

"Kwa hiyo hakuna dume zima lililobaki?" nikauliza.

"Liko moja," akasema, na akalielekeza kwa kidevu, tena kwa aibu.

Lilikuwa limesimama juu ya mwamba. Pembe moja, nyingine ilikatika ikabaki kisiki. Macho hayaangalii upande mmoja. Mgongo umepinda, mkia mwembamba, sufu inatoka kwa viraka, na sura yake ni ya mtu aliyekuja kudai. Lilikuwa na umri wa kutosha kuliwa mara nyingi, lakini hakuna mgeni aliyewahi kuonyeshwa. Mama alikuwa analificha nyuma ya nyumba watu wakija. Sababu ya kuishi kwake ilikuwa ubaya wa sura, hakuna kingine. Katekista alipita pale siku moja kuulizia michango, likamtupa kwenye shimo la takataka.

"Hilo halichechemei?"

"Tangu lizaliwe."

Nililiangalia, nikalipenda. Kweli kabisa, nilitaka kulikumbatia, ila niliheshimu ile pembe.

Sasa upande wa pili kulikuwa na dume la kaka. Kaka alilinunua mnadani, jeupe, nene, mkia unatikisika, na hakuna aliyefika kwake Musoma ambaye hakuonyeshwa picha zake kwenye simu. Ndilo lilikuwa dume la mbegu. Na lilikuwa linachechemea kuliko wote. Lilikuwa linachechemea kwa madaha, lakini lilikuwa linachechemea, na watoto wake wote walikuwa wakianza kuugua hata nyasi hawajazizoea. Nikamwambia Mama lihasiwe. Akasema zawadi ya mtoto haihasiwi. Nikasema basi litengwe. Akasema litajisikia vibaya. Nikaondoka kurudi Bunda nikishona kwa hasira kichwani.

Kabla hatujafikia mwafaka, simu ikapigwa kutoka Musoma. Wakwe wa kaka wanatoka Kibara, wanakuja kumsalimia Mama Jumapili.

Nielewe vizuri. Hawa ni watu wa ziwani. Wamekula sato, wamekula sangara, wamekula dagaa na furu na kamongo tangu wameota meno. Huwezi kuwapikia samaki, watadhani unawasanifu. Kuku kwa wakwe ni matusi. Lazima kondoo. Na lazima kondoo mzima, kwa sheria ile ile ya Mama. Nilipanda basi la kwanza.

Nilifika wageni wameshakaa, wanakunywa chai chini ya turubai. Baba mkwe wa kaka ni mzee mpana, mvuvi wa zamani, sauti yake imezoea kuita mtumbwi ulioko mbali. Amekuja na dada zake wawili na furushi la samaki wakavu. Kaka yuko katikati amevaa shati la drafti, anacheka kila mzee akifungua mdomo. Nikawasalimia wote, nikazunguka jikoni mbio. Kumbe jirani yetu anayechinjaga kondoo za mtaa mzima ameshanoa kisu, na kamba yake iko kwenye pembe moja.

"Mama! Sio hilo!"

"Punguza sauti. Hilo ndilo zima."

"Si ulikuwa unalionea aibu?"

"Likishachunwa nani ataona sura? Pembe haziliwi."

"Mama, ukilichinja hilo, mwakani unahamia Musoma. Ndilo peke yake lenye mbegu!"

Niliona jinsi neno hilo lilivyomuingia, maana mkono wake ulishika goti wenyewe bila kutumwa. Kisha akasema polepole, "Nihamie tu. Lakini mkwe wangu hataondoka hapa akisema nilimlisha mgonjwa."

Huyo ndiye Mama yangu. Angeihama nyumba yake kuliko kumpa mgeni kitu kibaya. Niliingiwa na uchungu, na mimi uchungu na hasira kwangu vinatokea mlango mmoja. Nikachomoa kitambaa kwenye kiroba, nikalifunga lile dume shingoni, nikamwambia jirani, "Hili ni gonjwa. Ona kitambaa. Liachie."

Jirani akaliachia. Nilitegemea litulie. Lilimpiga jirani kikumbo, likaruka sufuria ya maji ya moto, likaruka kuni, likatokea uwanjani mbele ya wageni na kitenge cha maua kinapepea, likapanda juu ya meza tupu, likasimama pale kama mgombea.

"Aisee!" baba mkwe akasema. "Dume hilo! Ndilo tunalokula?"

"Hapana, baba," nikasema nikitweta. "Hilo ni gonjwa."

Likaruka chini likazunguka turubai mbio.

"Linaumwa nini?" kaka akaniuliza, jicho la kuniua.

"Ugonjwa wa ndani."

"Ndani wapi?"

"Ndani sana."

Shangazi mmoja wa wifi akasema wao Kibara wangekuwa na wagonjwa wa namna hiyo wasingehitaji mashine za mitumbwi. Watu wakacheka. Na wakati huo huo, Mungu ni mwema, dume la kaka likajitokeza kwenye kona ya nyumba, jeupe, nene, mkia unatikisika.

"Na lile?" baba mkwe akauliza, na macho yake yakabadilika. Miaka yote ya samaki ilionekana ndani yake.

"Lile la mbegu!" kaka akadakia. "Lile ni langu, baba, nilinunua mwenyewe mnadani—"

"Kwa hiyo ni lako," mzee akasema.

"Langu, ndiyo."

"Basi afadhali. Nilikuwa naogopa kumtia hasara mama yako."

Kaka akafunga mdomo. Nami nikafunga, jambo ambalo halitokei mara kwa mara. Lakini Mama alikuwa ametoka jikoni, amesimama, anasokota ncha ya khanga, na Mama hawezi kusema uongo hata kwa kunyamaza.

"Mkwe," akasema, "nisamehe. Hilo linaumwa kwato."

Mzee akaliangalia dume likichechemea kwa madaha kuelekea kivulini. Akamwangalia Mama. Akaweka kikombe chini.

"Kwato?" akasema. "Mama, mimi nimekula samaki maisha yangu yote. Sijawahi kumkuta samaki mwenye kwato, na sijawahi kuzililia. Kwani nimekuja huku kula kwato? Kwato mpeni mbwa! Mimi nileteeni hayo mengine."

Shangazi walicheka mpaka mmoja akashika nguzo ya turubai, ikaegemea, tukaikimbilia wote. Mama alifunika uso kwa khanga na mabega yanatikisika, na mpaka leo hasemi kama alikuwa analia au anacheka. Jirani akamwangalia kaka. Kaka afanyeje, mbele ya mkwe? Akatikisa kichwa kukubali. Nyama ile ilikuwa nyama, mafuta yanaogelea. Kaka alikuwa na majonzi, lakini majonzi yake aliyala sahani tatu.

Baada ya hapo kazi ilikuwa nyepesi. Pembe Moja tukaliachia majike, vidume vingine tukavihasi. Wale sugu wa kuugua tukawauza kwa mwenye bucha, sio mnadani, maana afisa mifugo alinionya kwamba ukimpeleka mgonjwa mnadani unamgawia mwenzako maradhi yako. Mama aliwaaga mmoja mmoja, nikamwacha aage. Na wageni? Tulikubaliana kwa viapo kwamba mgeni akija atapewa aliyehasiwa, mzima, mnene, mwenye pembe zake mbili, na roho ya Mama ikatulia.

Watoto wakazaliwa. Loo! Sijaona vitoto vya kondoo vibaya namna ile. Vimepinda mgongo, macho yanatazama Buhemba na Bunda kwa wakati mmoja, na havijamaliza kunyonya vinataka ugomvi. Mama alikuwa anavificha watu wakipita. Lakini masika yalipokuja, udongo ukawa uji kama kawaida, na vile vitoto vilikuwa vinaukanyaga ule uji, vinatoka, vinakwenda zao. Walikuwepo waliougua, sisemi hawakuwepo, wachache kati ya majike ya zamani, tukawaosha wakapona. Ila ile harufu ya njiani haikurudi.

Kaka alikuja na gari la mizigo. Alikuwa ameshamwandalia Mama chumba, na pazia. Akasimama mlangoni mwa zizi, akawaangalia wanatoka, mmoja mmoja. Mara akapiga kelele, "Huyo! Huyo anachechemea!" kwa furaha ya mtu aliyeokota noti. Tukamkamata, tukageuza kwato, tukakuta mwiba. Mama akauchomoa kwa kucha, akampa kaka mkononi. Kondoo akaondoka anaruka. Kaka akaushika ule mwiba muda mrefu, kisha akasema, "Haya. Nilisema, nimesema," akaondoka na gari tupu. Nilicheza pale pale uwanjani, sikuona aibu.

Nikarudi Manyamanyama nikashona vizuri sana. Masika yote sikuharibu mkono wa mtu. Jumamosi zangu zilikuwa huru, nikapokea sare za kwaya mbili. Nilikuwa nampigia Mama simu, namuuliza, "Kondoo?" Anasema, "Wazima." Nasema, "Basi vizuri," nakata, narudi kwenye cherehani. Kaka naye, nilikuja kujua baadaye, alikuwa anapiga hivyo hivyo. Kondoo? Wazima. Haya Mama.

Ijumaa moja akapiga yeye. Sauti ndogo. "Mwanangu, kuna mmoja anachechemea."

"Umemwambia kaka?"

"Sijamwambia mtu. Njoo wewe."

Kesho yake alfajiri nikaacha sare za watu, nikapanda basi, nikachukua bodaboda, nikafika tope limenijaa. Gari la kaka liko uwanjani. Yeye yuko zizini, viatu kavua, suruali kakunja, beseni la mrututu liko tayari.

"Amekupigia?" nikauliza.

"Jana. Aliniambia hajamwambia mtu."

"Hata mimi."

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, amevaa khanga safi, na jikoni sufuria ya sato wa nazi inachemka, samaki wa kutosha watu sita. "Ni yule pale," akatuonyesha jike moja nene. Tukamkamata. Kaka akainua mguu wa kwanza. Kwato kavu, ngumu, safi. Wa pili, safi. Akainua yote. Akaniangalia.

Nami mdomo wangu unaujua. Nikaufungua kusema, "Mama, huyu ni mzima." Lakini Mama alikuwa anaongea. Tangu tufike hakuwa amepumua. Binti wa jirani ameolewa, mwalimu mkuu amehamishwa, katekista anaumwa mgongo, paa la kanisa limeezuliwa upande na watu wanasali wamejibanza wote kushoto. Aliongea haraka haraka, akiruka kutoka hili kwenda lile, kana kwamba tunaweza kuondoka hajafika mwisho. Kaka akanikanyaga mguu ndani ya tope, kwa nguvu.

Kisha akapiga magoti, na suruali yake ya ofisi, akachota maji ya mrututu, akaanza kuosha ile kwato isiyo na kitu. Taratibu, kila pembe. Nikapiga magoti upande wa pili nikashika mguu mwingine.

Mama akanyamaza. "Ana hali mbaya?" akauliza.

"Mbaya, Mama," kaka akasema bila kuinua macho. "Huyu itabidi tuje tumwoshe kila Jumamosi."

"Hata kiangazi?"

"Kiangazi ndio hasa."

Mama akasema, "Maskini, pole yake," akaendelea na habari ya paa la kanisa.